Viti vya kale vya henzerani na vya kusuka: kipi uchukue ukiwa Kigoma, kipi ukiwa Tabora

Anayeanza kukusanya samani za kale za kusuka huangalia msuko kwanza: ulivyojaa, mapambo ya mgongoni, mikono inayong'aa kwa kushikwashikwa. Sisi tunashauri uanzie chini, kwenye miguu na maungio. Msuko uliokatika husukwa upya. Fremu iliyoliwa na wadudu au kupasuka kwenye maungio hula fedha kuliko kiti chenyewe, na bado haitulii.

Jambo la pili ni hewa ya mahali kiti kitakapokaa, na hapo ndipo Kigoma na Tabora zinapoachana. Kigoma iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za karibu na maji hazikosi unyevu hata kiangazi. Tabora imekaa kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni kama haipo. Ikifika Septemba hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Kiti kilekile kitaota ukungu kwa mmoja na kukatikakatika kwa mwingine. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa "nunua hiki, acha kile" hausaidii mpaka useme kinakwenda kukaa wapi.

Miji hii miwili ina vitu vya kale kwa sababu inayoeleweka. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao la bandari Kigoma, na mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ikawa inapita hapo kwenda Dar es Salaam. Nyumba za reli, za misheni, za wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, zote zilihitaji viti vyepesi vya barazani. Usitazamie basi kukuta samani za chanzo kimoja. Katika ua mmoja unaweza kukuta kiti cha Ulaya, kingine kilichotengenezwa na seremala wa hapahapa kwa mninga, na cha tatu cha henzerani za upande wa pili wa ziwa.

Ganda na kiini

Henzerani ni mmea mwembamba wa ukoo mmoja na mnazi na mchikichi, unaotambaa juu ya miti mingine kwa miiba. Spishi zake ni kama 600, nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki, lakini misitu ya Kongo nayo ina henzerani zake, hasa za jenasi Laccosperma na Eremospatha. Tofauti na mwanzi, ndani haina uwazi. Imejaa nyuzinyuzi mwanzo hadi mwisho.

Ufito mmoja hutoa vitu vitatu. Ukitumika mzima, ganda likiwa juu, ndio fito za fremu. Ukichunwa ganda, unapata tepe nyembamba zinazong'aa upande mmoja, za kusukia vikalio na kufungia maungio. Kinachobaki ni kiini, nacho hupitishwa kwenye tundu la chuma kikawa nyuzi za mviringo za kusukia viti vizima na makapu. Ganda ni gumu na linakataa maji. Kiini kinayanywa. Ukikumbuka hilo, karibu kila tofauti iliyoelezwa hapa chini itajieleza yenyewe.

Fito nzima dhidi ya msuko wa kiini

Kiti cha fito nzima ni kile ambacho mifupa yake unaiona: fito nene za milimita 25 hadi 35, zimepindwa kwa mvuke, maungio yamefungwa kwa tepe. Kiti cha msuko wa kiini kimevikwa msuko juu hadi chini, na fremu, ambayo mara nyingi ni ya mbao au ya fito, imejificha ndani.

Kwa mkusanyaji, tofauti kubwa ni hiyo ya kuona na kutoona. Kwenye fito nzima kila udhaifu uko wazi. Shika mkono mmoja wa kiti, kiinue upande kidogo, kisha kisukume kwa mshazari. Mlio wa kukwaruzana peke yake si ugonjwa, henzerani hulia. Ugonjwa ni kuona kiungio kikifunguka na kufunga. Pima kwa futi ya kamba pembe hadi pembe ya kikalio, njia zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, kiti kimelala upande na maungio yake yote yameshachoka. Halafu bonyeza kwa ukucha ncha za miguu, pale palipokatwa. Ncha zilizokatwa hazina ganda, maji ya kupiga deki huingilia hapo, na ukucha ukizama mguu umeoza.

Kiungio kilicholegea kwenye fito nzima ni kazi ya nusu siku kwa fundi makini. Fungua tepe ya zamani, chomoa msumari uliokula kutu, safisha tundu. Toboa kwa drili tundu la milimita 2.5, paka gundi nyeupe ya mbao, kaza kwa skrubu ya milimita 3.5 au 4, urefu wa milimita 40 hadi 50 kufuatana na unene. Kisha loweka tepe pana ya milimita 5 au 6 kwa dakika 20 hivi, zungusha ikiwa imekazwa, na umalizie ncha kwa kimsumari chembamba. Ikikauka itajikaza zaidi. Kosa linaloua viti vingi ni kupigilia msumari wa inchi tatu bila kutoboa kwanza. Ufito unapasuka kwa urefu, na ufa huo haurudi.

Msuko wa kiini hauna huruma namna hiyo. Una nyuzi za kusimama, mtande, na za kulala, mshindio. Uzi wa mshindio ukikatika unabadilika kirahisi: loweka uzi mpya wa unene uleule kwa dakika 20 hadi 30, kata ule mbovu nyuma ya mtande ili ncha zisionekane, pitisha mpya ukifuata njia ya wa zamani. Usiloweke kwa saa nzima, kiini huota manyoya. Ila mtande ukikatika, hasa pale unapoingia kwenye fremu ya kikalio, lazima ufumue eneo zima. Pindua kiti, uhesabu mitande iliyokatika ukingoni mwa kikalio. Mmoja au miwili, jadili bei. Mitano iliyofuatana, kiache, isipokuwa una msusi mzuri na muda.

Halafu kuna rangi. Viti vingi vya msuko wa kiini vilipakwa rangi ya mafuta mara kwa mara kila mwenye nyumba mpya alipoingia, mpaka matundu ya msuko yakazibika. Watu huvinunua wakidhani wataitoa. Kuikwangua kunakata nyuzi. Magadi makali yanatia kiini weusi na kukifanya kiote manyoya. Na msasa mkavu unarusha vumbi ambalo kwenye rangi za kale linaweza kuwa na madini ya risasi, hatari hasa kwa watoto. Kiti cha namna hiyo kichukue tu ikiwa unakubali kukaa nacho kikiwa na rangi.

Kwa maoni yetu msuko wa kiini ndio mzuri kuliko vyote kwa macho na mgumu kuliko vyote kuutunza katika mikoa hii. Kigoma unashika ukungu, Tabora unakauka na kukatika ukiukalia. Fito nzima zinavumilia pote pawili, na ubora wake unaonekana zaidi Kigoma.

Kikalio cha tepe juu ya mbao

Hili ndilo kundi tunalolipenda kwa anayeanza, na ndilo linalopuuzwa, kwa sababu kiti chenyewe ukikiangalia harakaharaka ni kiti cha mbao tu. Fremu ni ya mninga, mvule, au mbao ya Ulaya iliyopindwa kwa mvuke. Kikalio na pengine mgongo vimesukwa kwa tepe za ganda, matundu yakifanya umbo la pembe nane.

Mfano mashuhuri wa mbao iliyopindwa ni kiti namba 14 cha kampuni ya Thonet, cha mwaka 1859. Kina vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofumuliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja za ujazo. Hataza ya Thonet ilikwisha mwaka 1869 na wengine wakaanza kutengeneza vya kwao, kwa hiyo umbo peke yake halithibitishi chochote. Tazama ndani ya pete ya kikalio kama kuna lebo au muhuri uliochomwa. La maana zaidi kwa mtumiaji ni kwamba kiti chenye skrubu na nati kikilegea unakikaza kwa bisibisi na spana, na ukihama unakifungua.

Pindua kiti kabla hujauliza bei. Utakuta hali moja kati ya mbili. Ama pete ya kikalio ina matundu yaliyotobolewa mfululizo na tepe zinapita humo moja moja, ama kuna mfereji umezunguka juu na mkeka uliofumwa kiwandani umebanwa humo kwa kijiti. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa.

Cha mfereji ni chepesi. Loanisha kijiti cha zamani kwa maji ya moto mpaka gundi ilainike, kichomoe kwa patasi nyembamba bila kula kingo, safisha mfereji. Kata mkeka mpya uzidi sentimita 3 kila upande, uloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa hadi saa moja, mpaka ukunjike bila kulia. Anza katikati nyuma, kisha katikati mbele, kisha pembeni, ukiusukuma mferejini kwa kabari za mbao. Tia gundi, gonga kijiti kipya, kata mabaki. Usikalie kwa siku mbili. Yanayoharibika ni mawili tu: mkeka haukulowa vya kutosha ukakatikia ukingoni, au mtu alikalia jioni ileile, ukabonyea na kukaukia hivyo.

Cha matundu kinataka mikono. Pima umbali wa katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Ukiwa milimita 12 au 13, tumia tepe ya milimita 2.5. Milimita 16 inataka tepe ya 3, na 19 inataka ya 3.5. Ukitia tepe nene kwenye matundu ya karibu, hatua za mwisho za mshazari hazipiti na utaishia kuzivunja. Kikalio kidogo cha sentimita 30 kwa 30 hula kama mita 75 za tepe. Kazi ina hatua saba: wima, mlalo, wima tena juu yake, mlalo wa kupishanisha, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto, na utepe wa kuzibia matundu. Kila utepe hupita ukiwa umelowa na upande unaong'aa ukiwa juu; ukiugeuza hata mara moja, utaonekana kwenye kikalio kizima.

Msuko ukiwa umechanika wote, usiogope. Kinachotakiwa kukutia hofu ni pete. Sogeza jicho karibu, pitisha kidole chini ya matundu moja baada ya jingine. Utafute ufa mwembamba kama unywele unaotoka tundu hadi tundu, kama mstari wa vitundu wa kuchania stempu. Tepe mpya zikikauka hujivuta zote kwa pamoja, na pete yenye ufa wa hivyo inafunguka siku hiyohiyo. Ukiona ufa umeunganisha matundu matatu, hicho ni kiti cha kubadilishwa pete, na bei iwe ya kiti cha kubadilishwa pete.

Kikalio kilichobonyea bila kukatika hakihitaji kusukwa upya. Kipindue, lowanisha upande wa chini usiong'aa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kiache nusu saa kikiwa na kitambaa, kisha kikauke kivulini hadi kesho yake. Tepe zinasinyaa na kujikaza. Hii ndiyo sababu hatushauri kusuka vikalio hivi kwa kamba ya nailoni, ingawa ni rahisi kuipata. Nailoni ikilegea imelegea. Hakuna maji yatakayoirudisha.

Karatasi iliyosokotwa

Kuna viti vinavyoonekana vya kusuka ambavyo havina henzerani hata kidogo. Mmarekani Marshall Burns Lloyd, wa Menominee huko Michigan, alipata hataza mwaka 1917 ya kusokota karatasi ngumu ikawa nyuzi, nyuzi za kusimama zikiwa zimezungushiwa waya wa chuma, na kuzifuma kwa mashine kama kitambaa. Kitambaa hicho hupigiliwa juu ya fremu ya mbao iliyopindwa. Uingereza, kampuni ya W. Lusty & Sons ya London ilianza kuvitengeneza mwaka 1922 na kuviuza kwa jina la Lloyd Loom; kiwanda chake kilipigwa mabomu mwaka 1940.

Namna ya kuvitambua ni rahisi: sumaku. Ipitishe juu ya msuko. Ikivutwa kwenye nyuzi za kusimama na isivutwe kwenye za kulala, ni hivyo. Msuko wake ni sawasawa mno, hauna kifundo wala mahali palipoungwa. Lebo, kama haijang'oka, huwa chini ya kikalio.

Ukilinganisha na msuko wa kiini, karatasi ina faida kubwa: haichubui soksi wala gauni, haipasuki kwa ukavu, na wadudu hawaipendi kama wapendavyo kiini. Ubaya ni kwamba haina fundi wa kuisuka upya mtaani. Waya ukila kutu hutoa michirizi ya kahawia, kisha hukatika na kutoboa karatasi kutoka ndani, na kiraka hakishiki. Kwa hiyo Tabora ni mahali pake hasa. Kigoma, tena nyumba ya Kibirizi au Bangwe inayopokea upepo wa ziwa, tungekiacha hata kikiwa kizuri. Usafi wake ni kitambaa chenye unyevu kidogo tu, usikimwagie maji. Ukilazimika kukipaka rangi upya, ipulizwe kwa mashine, tabaka nyembamba mbili. Brashi inajaza msuko.

Vinavyofanana na henzerani

Mwanzi una uwazi ndani na vifundo vyake vimetokeza kama pete. Kifundo cha henzerani kimelala, na ncha iliyokatwa inaonyesha vitundu vidogo vilivyojaa. Viti vya mwanzi si vibaya, ila haviingizi skrubu wala havikunjiki kwa mvuke vivyo hivyo, na usilipe bei ya henzerani. Plastiki ya kusuka utaijua kwa kuchoma kinyuzi kidogo kilichojificha chini: nyuzi za mmea huwaka na kuacha majivu, plastiki huyeyuka ikawa tone gumu.

Umri nao una dalili. Skrubu yenye kichwa cha nyota ilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo kiti kinachosemwa ni cha 1910 na kina skrubu za nyota kila mahali, ama kimetengenezwa upya ama si cha 1910. Pini za kubania kwa bunduki ya upepo ni za karibuni zaidi. Uchakavu wa kweli hukaa mahali pa mikono, mbele ya kikalio na chini ya miguu. Kiti kilichochakaa sawasawa pote kimepigwa msasa makusudi.

Bungua

Tabora hakuna mkulima asiyemjua dumuzi wa mahindi, Prostephanus truncatus, aliyetoka Amerika ya Kati na kutambuliwa mkoani humo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ana ndugu wa familia hiyohiyo, Dinoderus minutus, bungua anayetoboa mianzi na henzerani. Wote wanafuata wanga, na wanga wa henzerani uko kwenye kiini. Ndiyo maana msuko wa kiini huliwa kwanza, na fito zenye ganda huingiliwa kwenye ncha zilizokatwa na chini ya vifungo vya maungio, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Matundu yake ni ya milimita 1 hadi 2. Tundu peke yake halisemi kama mdudu yumo. Weka kiti juu ya kitambaa cheusi, kigonge kwa kiganja kila mguu, futa unga wote, kiache siku mbili. Ukikuta vilima vipya vya unga mweupe-manjano, yumo. Unga wa kijivu ulioshikamana ni wa zamani.

Mafuta ya taa yanayomwagwa kila mahali huua aliyefikiwa tu, huacha harufu miezi mingi, na ni hatari ya moto. Borax na asidi ya boriki hufanya kazi vizuri kwenye mianzi na fito mbichi zinazolowekwa, lakini haziingii kwenye kiti kilichopigwa vanishi. Kinachosaidia kwa kiti kilichokamilika ni dawa ya mbao yenye permethrin, iingizwe kwa bomba la sindano tundu baada ya tundu, ukiwa umevaa glavu, nje ya nyumba, na kurudiwa baada ya wiki tatu au nne. Stuli, makapu na vitu vingine vidogo vinaweza kugandishwa: vifunge kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, viweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na usifungue mfuko mpaka upite usiku mzima baada ya kuvitoa, la sivyo maji yatatonea juu ya msuko.

Kufuatana na nyumba yako

Nyumba ya Kigoma au Ujiji yenye baraza iliyofunguka: fito nzima zenye ganda safi, au mbao yenye kikalio cha tepe kwa ndani. Kagua misumari, kwa sababu kutu ndiyo itakayolegeza maungio kabla ya kingine chochote. Miguu isimame juu ya vipande vya mpira au mbao, siyo moja kwa moja kwenye sakafu inayopigwa deki. Ukungu ukianza, futa kwa maji yenye kijiko kimoja cha sabuni laini kwa lita nne, kausha kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja linapasua ganda.

Nyumba ya Tabora: karatasi iliyosokotwa, au mbao yenye kikalio cha tepe. Kuanzia Agosti hadi mvua zifike, nyunyizia chini ya kikalio maji machache kwa chupa ya kupulizia, mara moja kwa mwezi, na siku hiyo usikikalie. Vumbi la kiangazi litolewe kwa brashi kavu kabla ya kitambaa, maana vumbi likilowa linakuwa tope ndani ya msuko.

Kuhusu mafuta, kuna kosa moja la kila upande. Kigoma watu hupaka mawese kwa sababu yapo. Mawese hayakauki, yanabaki yanata, yanashika vumbi na kuchacha. Alizeti nayo ni hivyohivyo. Mafuta yanayokauka ni ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa: changanya nusu kwa nusu na tapentaini, paka kwenye fito zilizopauka, futa yote yaliyobaki juu baada ya dakika 20, subiri wiki moja. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke au yatie majini, kwa sababu yakirundikwa hujipasha joto yenyewe na kuwaka moto. Tabora kosa ni kupaka nta kila mahali, kwa kuwa nta nzuri ya nyuki inapatikana. Nta ni ya fremu ya mbao. Gramu 100 ziyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, ondoa motoni, ndipo utie mililita 300 za tapentaini. Kwenye mninga inang'aa vizuri sana. Kwenye msuko inakusanya vumbi la miezi sita.

Mtumishi anayehamishwa kila baada ya miaka michache achague kiti kinachofunguka kwa skrubu. Anayetaka kimoja tu cha kukalia kila siku, achukue fito nzima. Anayekusanya kwa ajili ya thamani atafute lebo, muhuri na seti iliyokamilika, na asitengeneze chochote kabla ya kupiga picha za upande wa chini, kwa sababu lebo iliyopakwa vanishi au kung'olewa haina mbadala.

Kusafirisha

Kiti kizima kinaharibika njiani kuliko nyumbani. Kwenye treni au lori usikubali kifungwe kamba juu ya mikono. Funga kwenye fremu ya kikalio, kamba ikipita juu ya gunia lililokunjwa. Vifunike kwa blanketi au mkeka, siyo plastiki, hasa kinachotoka Kigoma kwenda Tabora, maana unyevu uliofungiwa unageuka ukungu kabla ya kufika. Usipandanishe viti vya kusuka, hata vikionekana vinaingiana. Kikifika, kikae kivulini wiki mbili mbali na samani nyingine, juu ya kitambaa cheusi, kizoee hewa na kionyeshe kama kina bungua. Kwa Tabora muda huo ndio pia wa kukaza skrubu mara ya pili, kwa kuwa mbao iliyotoka ziwani husinyaa, na skrubu iliyokazwa Kigoma utaikuta inacheza.